Dua Niliyoikalia

Kijiji cha Tash-Kechuu,
Naryn.
Tarehe 3 Oktoba.

Mpendwa mwanangu Taalai,

Pokea salamu za baba yako mkubwa Toktosun, ambaye bado hajafa, ingawa wapo wanaoona nachelewa. Hujambo huko Chelyabinsk? Mgongo unaendeleaje? Nasikia unapandisha saruji kwenye ghorofa ambazo hata ndege huzikwepa. Je, unakula? Waliorudi wakati wa joto wanasema mnakula tambi za kumwagia maji ya moto, asubuhi tambi, jioni tambi. Nikasema hayo ndiyo malipo ya watu walioacha nyama ya kondoo mlimani kwa hiari yao.

Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto limegoma, la kulia linafanya kazi za yote mawili na kunung'unika kama mke wa pili. Viazi mwaka huu vimetoka vikubwa. Yule farasi jike wa kahawia alizaa, na mtoto ana doa jeupe usoni kama aliyechungulia ndani ya gunia la unga. Theluji imeshafika mabegani mwa mlima, na mama yako mkubwa Batma ameanza kunivika nguo juu ya nguo mpaka nafanana na kitunguu.

Haya, salamu zimekwisha. Sasa nimekukasirikia.

Nimekupigia simu wiki nzima. Inalia, inakatwa. Inalia, inakatwa. Nikajua huyu ameshaambiwa kwamba mzee ana neno. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa Samara, binti wa jirani, anayerudi huko kwenye kazi yake ya kufagia soko. Nimemwambia asiondoke mbele yako mpaka umefika chini ya ukurasa wa mwisho. Ni msichana mkaidi, ndiyo sababu nimemchagua. Simu unaweza kuikata. Mjaribu Samara.

Kaka yako Sovetbek ameniambia kwamba umekubali. Kwamba binti yako Kunduz apelekwe kwenye ile nyumba ya bweni ya watoto wasiojiweza, huko mbali nyuma ya milima, mwezi wa kumi na moja kitanda kitakapopatikana. Nikamuuliza, Taalai alisemaje? Akasema ulimwambia, "Kaka, fanya unavyoona."

Fanya unavyoona. Mtoto wa miaka saba umemmaliza kwa maneno ambayo mtu humwambia kinyozi.

Sisemi watu wa kule bwenini ni wabaya. Sijawaona. Na wewe hujawaona, ndilo neno langu. Hata kondoo tukimpeleka kwenye zizi la mtu mwingine huwa tunaenda kwanza kuangalia paa.

Sasa vua buti, kaa chini, nikueleze kilichotokea nyumbani kwako, maana nina hakika kaka yako amekusimulia nusu, tena ile nusu inayomfaa yeye.

Unakijua chumba cha mifugo pale kando ya barabara, nilikofanya kazi miaka yote nikimsaidia daktari wa wanyama. Ulipoondoka kilikuwa gofu, mbwa wanazalia humo. Majira mawili ya baridi yaliyopita Burul alikwenda kukiomba. Burul muuza hamira, mama yake Emil, yule kijana anayekumbatia kila mtu hata polisi, ambaye madaktari walisema hatavuka miaka mitano na sasa anaota ndevu. Alikwenda na mkeo Jazgul na akina mama wengine ambao watoto wao kijiji huwaona kwenye misiba tu, tena dirishani. Halmashauri ikawapa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Wanaume wakatoka siku moja ya kazi ya pamoja, wakapaka udongo, wakapiga bati, wakajenga jiko la kuni. Mimi nilitoa ushauri nikiwa nimekaa.

Ile meza niliyohasia kondoo dume ipo bado. Waliisugua kwa maji yanayochemka, wakaitandika zulia la sufu, na juu yake ndipo wanapowanyoosha watoto miguu. Mama mmoja anayejua mambo ya viungo huja kutoka mjini kila mwezi kuwaonyesha, siku nyingine wanaonyeshana wenyewe. Nilimwambia Kunduz, "Mjukuu wangu, juu ya meza hii wamelia madume wengi kuliko wewe." Alicheka mpaka mate yakamtoka, na mamake akanifukuza nje.

Wapo waliosema wanawake wanaenda pale kunywa chai. Ni kweli, wanakunywa chai. Taalai, mkeo alikuwa hajawahi kunywa chai ya moto tangu ulipopanda basi. Hujui kwa nini? Kwa sababu mtoto yuko mikononi, na kikombe cha moto hakishikwi na mtu mwenye mtoto ambaye mkono wake huruka bila kumwarifu. Anasubiri ipoe, ikipoa ameshaitwa. Pale chumbani mwingine anamshika Kunduz, na Jazgul anakunywa chai inayounguza ulimi. Mara ya kwanza nilimwona analia juu ya kikombe nikadhani imeingia chumvi nyingi. Na yuko mwingine hujilaza kwenye benchi akalala usingizi mzito, wenzake wakimwangalizia mtoto, na akiamka hakuna anayemwuliza amechokeshwa na nini. Wewe huko una zamu. Kengele ikilia unavua glavu unaondoka. Mwenzako kengele yake haijawahi kulia.

Majirani nao unawajua. Walimwandama Jazgul miaka yote kwamba mtoto hatembei kwa sababu hamkumfanyia sherehe ya kumkata kamba miguuni. Nikawaambia, kamba hukatwa mtoto akishasimama. Wakasema, ndiyo, na huyu hasimami kwa sababu hajakatwa kamba. Nikawaambia basi leteni mkasi tuanze na ndimi zenu. Tangu siku hiyo wananisalimia kwa mbali.

Pale chumbani Kunduz amejifunza kushika kijiko. Usicheke. Kijiko chenyewe kimefungwa kitambaa kwenye mpini kikawa kinene kama goti la ngamia, lakini anakishika yeye, anakipeleka mdomoni yeye, na kikikosea njia kinakwenda sikioni, kisha kinarudi. Mimi nimemchongea ubao wenye mfereji wa kusimamisha karata, na sasa tunacheza. Anaiba. Akipata turufu uso wote unageuka jua, kwa hiyo hawezi kuificha, na akishindwa anapiga ubao teke, akisingizia ni mguu umeruka wenyewe. Nani alimfundisha? Mimi sijui.

Basi mwezi wa nane kaka yako akabadilisha kufuli.

Sikia vizuri, maana hapa ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka na haijapoa mpaka leo. Tangu amekuwa mwenyekiti wa kijiji, Sovetbek anatembea kama amemeza mti wa bendera. Nchi aliyoitiwa jina imeshakufa na kuzikwa, yeye bado anatoa amri. Alikijaza kile chumba magodoro, meza na masufuria makubwa ya wageni, kwa ajili ya posa ya binti yake Aidai. Nikamfuata barabarani.

"Sovetbek, watoto wakakae wapi?"

"Baba mkubwa, pale ni kando ya barabara. Wakwe wakija watapita pale. Unataka kitu cha kwanza wanachokiona kiwe kile?"

"Kile kipi?"

"Unajua."

"Sijui. Mimi sikusoma sana. Nitajie."

Hakutaja. Akaangalia viatu vyake. Kisha akaja karibu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuza kitu cha wizi, kwamba hawa wakwe wanauliza habari za mababa saba, wanachunguza damu. Wakisikia kwenye ukoo wetu yuko mmoja wa namna ile, watasema mbegu ina kasoro, na Aidai atarudishwa kabla hajavaa kitambaa cha ndoa.

Umeona bweni lilikotoka? Halikutoka kwa daktari. Halikutoka kwa kumhurumia Jazgul. Lilitoka kwenye posa. Alitaka ukoo wetu uonekane umefagiwa, na uchafu wenyewe ni binti yako.

Jazgul baada ya pale aliacha kutoka. Hakuja tena hata kwangu. Nilimkuta siku moja zizini anamkanda mtoto miguu juu ya gunia, karibu na ng'ombe, kwa sababu pale kuna joto, na kwa sababu ndani ya nyumba Sovetbek alishaanza kupaka chokaa. Nyumba gani? Nyumba yako, Taalai. Nyumba ya marehemu babako, uliyoachiwa wewe kitinda mimba. Sovetbek alisema ya kwake ni ndogo, posa ifanyike kwenye ile kubwa. Mkeo apike, mkeo amimine chai, na mtoto wa mkeo atafutiwe mahali.

Wakwe wakaja Jumapili moja ya mwezi uliopita, magari matatu, wamevaa kofia zao za sufu nyeupe pe. Hawakuwa watu wabaya. Mkubwa wao alikuwa bibi wa bwana harusi, Bibi Kanyshai, mwanamke mwenye macho makali, haongei ovyo, anakula taratibu. Upande wetu mkubwa nilikuwa mimi, maana wote walionizidi umri wameshalala makaburini na hawakualikwa.

Kondoo akaletwa. Kichwa wakaniwekea mimi. Nikakata sikio kama desturi, nikaliinua. Sikio ni la mtoto wa nyumba, ale apate kuwa msikivu. Nikauliza, "Yuko wapi mtoto wa nyumba hii?"

Sovetbek akajibu haraka. "Amelala, baba mkubwa."

"Basi litamsubiri," nikasema, nikaliweka pembeni ya sahani.

Tukala. Wakasifu nyama. Wakanywa kumisi, maziwa ya farasi wetu yaliyochacha, ya safari hii ilikuwa kali, inapanda puani. Wakaulizana mababa saba, kila upande ukataja wa kwake bila kujikwaa. Maji ya mikono yakapita. Halafu watu wote wakanyoosha viganja, wakanigeukia, wakingoja dua ya kuinukia.

Huko kwenye saruji labda umesahau mambo haya. Mkubwa wa jamvi asipoomba dua ya mwisho, hainuki mtu. Hata awe mwenyekiti. Hata awe ana haja. Mimi mikono yangu niliiweka magotini, nikaiacha huko.

Mwanzoni walidhani nawaza. Kisha walidhani nimesinzia. Sovetbek akaniinamia.

"Baba mkubwa, dua."

"Naijua."

"Watu wanasubiri."

"Na mimi nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mtoto aamke."

Akawa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu, kama kipimajoto. Akacheka mbele ya wageni, akasema mzee wetu ni mtani sana, mumsamehe. Nikasema kweli mimi ni mtani, ila leo sijaanza. Imamu wetu kijana, yule mwenye ndevu za kuhesabika, akaona ni nafasi yake.

"Mzee, kama koo linakusumbua, naweza kuisoma mimi."

"Mwanangu," nikamwambia, "siku uliyotahiriwa mimi ndiye niliyekushika miguu, na ulisema maneno ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha dini. Kaa."

Akakaa. Upande wa wakwe mjomba mmoja aliyekuwa amejimiminia kumisi bila huruma akaanza kuhama tako hili kwenda lile. Nilimwonea huruma, lakini haki haijali kibofu.

Tukakaa. Chai ikapoa, ikaongezwa, ikapoa tena. Halafu ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, na hapakuwa na mtu wa kuwapokea, maana wenyewe wote wako ndani pamoja nami wameshikwa na adabu. Ng'ombe mweusi wa kaka yako hakupoteza muda. Alisukuma lango la bustani ya bwana wake kwa pembe akaingia kwenye kabichi. Dirishani tulikuwa tunamwona wote, anachagua zile za katikati.

"Sovetbek, ng'ombe wako anakula kabichi," nikasema.

"Naona."

"Basi mlete mtoto."

"Baba mkubwa, usinifanyie hivi."

"Sijakufanyia kitu. Mimi nimekaa tu."

Hapo Bibi Kanyshai akaweka kikombe chini. "Mkwe," akaniambia kwa heshima, "tumewakosea nini?"

"Hamjakosa kitu, mkwe wangu. Ila nyumba hii ina mtu mmoja hajala. Mimi nilivyolelewa, jamvi halikunjwi wakati mwenye nyumba ana njaa."

Jazgul alikuwa pale mlangoni na birika. Kazi yake siku nzima ilikuwa kumimina, kuinama, kurudi kinyumenyume. Akaiweka birika sakafuni katikati ya njia. Hakumwomba ruhusa mtu, hakumtazama shemeji yake. Akatoka. Tukamwona dirishani anakatiza ua, anampita ng'ombe, anaingia kwenye banda la nyasi la jirani.

Taalai, walikuwa wamemweka kwenye banda la nyasi. Tangu asubuhi. Na msichana mmoja, si Samara, wa kumziba mdomo akicheka kwa sauti.

Jazgul akarudi amembeba mgongoni, nyasi zimejaa kwenye nywele. Hakuzitoa. Nadhani aliziacha makusudi, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote alichowahi kufanya. Akapita katikati ya wageni wote, akamketisha juu kabisa, pahala pa heshima, ubavuni mwangu, akamwegemeza mito. Nikampa sikio. Mkono ukaruka, likaanguka. Nikamwokotea. Likaanguka tena. Mara ya tatu akalishika, akalipeleka mdomoni, akatafuna, na chumba kizima kilikuwa kinasikiliza taya za mtoto mmoja. Kisha akasema neno. Wageni hawakulielewa. Mimi na mamake tulilielewa.

"Anasemaje?" akauliza Bibi Kanyshai.

"Anasema halina chumvi," nikamwambia. "Na ni kweli."

Bibi alimtazama muda mrefu. Akatazama anavyokaa, mito ilivyopangwa, kitambaa alichofungwa kifuani.

"Ana miaka mingapi?"

"Saba," Jazgul akajibu.

"Wetu ana tisa."

Baba wa bwana harusi akashtuka. "Mama, tafadhali."

"Nyamaza. Umeninyamazisha njia nzima." Akatugeukia. "Tumemwacha kwa jirani. Wameniambia nikiulizwa wajukuu wangapi, huyo nimruke. Nimekaa hapa tangu asubuhi nimemruka. Nyama haikushuka."

Ungedhani nilifurahi. Wengine walianza kufuta machozi, wakaitana ndugu, ndugu. Mimi ndiyo kwanza nilikasirika. Hebu waza. Watu wazima wamevaa nguo za sikukuu, wamevuka mlima kuja kuonyeshana damu safi, na kila bonde limeacha mtoto mmoja kwenye nyasi ili damu ionekane safi. Huku wanatudanganya, huku tunawadanganya, kila mmoja anajiona mjanja. Mababa saba wanatajwa kwa majina, na mtoto aliye hai hatajwi. Nilitaka kuwachapa wote kwa lile fupa la paja.

Bibi Kanyshai akamwuliza Jazgul, "Nani amekufundisha kumkalisha hivi? Wetu tunamlaza tu, anakauka."

"Tunafundishana, bibi. Tulikuwa na chumba."

"Kiko wapi?"

Watu wote wakamtazama Sovetbek. Akajikohoza. "Kinafanyiwa ukarabati."

"Kimejaa magodoro yako," akasema Burul kutoka jikoni. Alikuwa amekuja kusaidia kukaanga maandazi, na alitokeza kichwa mlangoni mikono imejaa unga. "Ukarabati gani wa kulaza magodoro? Yanaumwa?"

Yule mjomba mwenye kumisi alicheka, ikawa nusura apate hasara.

Nikamwambia Sovetbek, "Ufunguo." Sikupaza sauti. Akanitazama, akatazama dirisha, ambako ng'ombe wake alikuwa ameshamaliza mstari mmoja na anaanza wa pili. Akauchomoa mfukoni, akauweka juu ya jamvi. Nikamsogezea Jazgul. Ndipo nikafungua viganja. Niliwaombea Aidai na mchumba wake watoto wengi, nikamwomba Mungu awape na moyo wa kumpokea kila atakayewaletea, hata akija na miguu yenye mawazo yake yenyewe. Wote wakasema amina, wakapaka viganja usoni, na mjomba akatoka mbio hajavaa viatu.

Kesho yake akina mama waliyatoa magodoro, wakayapanga vizuri uani kwa kaka yako, na mvua ikaja bila kuitwa. Jumatano wakawasha jiko. Bibi Kanyshai alikuja na mjukuu wake, Janarbek, amefungwa kwenye kiti cha nyuma kwa shuka. Posa haikuvunjika. Damu ya pande zote mbili imeonekana kuwa sawasawa.

Kama mambo yangeishia hapo nisingeandika, ningekuwa nacheza karata. Lakini Jumatano hiyo jioni Sovetbek alikuja kwangu, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe."

"Nguo ulivua mwenyewe, mwanangu. Mimi nilileta taa."

"Sawa. Chumba nimerudisha. Lakini mtoto si wa chumba, ni wa Taalai. Taalai ndiye aliyekubali, mimi nimeshaongea na watu wa bwenini, wameshamwahidi kitanda. Sitakwenda kuwaambia nimegeuka kama mwanamke. Babake akitaka kugeuza neno, ageuze mwenyewe. Asipogeuza, mwezi wa kumi na moja gari linakuja."

Na kwa mara ya kwanza yule mti wa bendera alisema kweli. Mimi naweza kuwafungia watu ndani kwa dua. Burul anaweza kuwasha jiko. Kule bwenini wanamsikiliza baba.

Nikaenda kwa Jazgul, nikamwambia mpigie mumeo, umsihi. Alikuwa anamwogesha Kunduz. Hakugeuka. Alisema, "Baba, mimi nimembeba miaka saba. Hili neno moja alibebe yeye."

Ndiyo maana nina hasira, Taalai. Si na Sovetbek. Sovetbek ni mpumbavu, na mpumbavu ni kama baridi, unavaa nguo unaendelea. Nina hasira na wewe kwa sababu wewe si mpumbavu. Ulipokuwa mdogo ulimlea mwanakondoo asiye na mguu mpaka akawa dume la kundi, hakuna aliyekuambia. Sasa naona umeenda mbali, na mbali huko binti yako amekuwa habari ya kwenye simu, na habari mbaya mtu hukata.

Utasema unafanya kazi kwa ajili yake. Utasema mikono inapasuka kwa ajili yake. Naamini. Lakini mtoto hatafuni mikono yako iliyopasuka. Utasema hujui utamsaidiaje. Nani alikuuliza ujue? Hakuna aliyejua. Wale wanawake waliingia kwenye chumba kinachonuka mbolea bila kujua lolote, wakaulizana. Utasema unaona haya kuongea na mkeo baada ya yote haya. Hiyo nakukubalia, ona haya, ni dalili nzuri, ila ona haya ukiwa unapiga simu.

Jambo ni dogo. Mpigie Sovetbek umwambie hapana. Usimwambie "kaka, nafikiria." Usimwambie "tungoje." Hapana, basi. Halafu mpigie Jazgul, na usimwambie kitu, mwulize tu siku yake ilikwendaje, kisha unyamaze asimulie. Halafu akupe Kunduz. Hutamwelewa mwanzoni. Mimi ilinichukua majira ya baridi mazima, na nina masikio mabovu. Sikiliza hivyohivyo.

Nisalimie vijana wote wa kwetu mlio pamoja hapo. Mama yako mkubwa Batma anakusalimia, anasema uvae soksi za sufu alizokutumia, usizigawe. Burul anakusalimia, ametamka na neno jingine ambalo siliandiki. Emil amesema nikukumbatie, nimemwambia barua haina mikono. Aidai anakusalimia na anaomba usimchukie, hakujua habari za banda. Kunduz anakusalimia. Nilimwuliza nikuandikie nini, akafikiri sana, akasema, "Mwambie nimemshinda babu." Uwongo mtupu, lakini nimeuandika kama nilivyotumwa.

Hapa chini ndipo mahali ambapo mzee humwombea mwanawe baraka. Hapa ndipo ningekuombea afya, na kurudi salama, na nyumba yenye moshi. Nayajua maneno yote, mwanangu, na nimeshayapanga. Lakini mikono yangu iko magotini. Najua kwa desturi zetu hutaweza kuinuka ulipo. Basi kaa hapohapo, ushike simu.

Anayekupenda na kukukasirikia kwa pumzi moja,
Baba yako mkubwa,
Toktosun.